Chupa Niliyodai Nimemwibia Mzungu

Kaspari mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu sijui kama ukimaliza kusoma karatasi hizi utataka kuniamkia tena, na shikamoo ni haki yangu, sipendi inipite.

Habari za safari sitaziandika. Mama yako amekwisha kukueleza njia nzima kutoka hapa Ruhuwiko mpaka Lindi, wapi maji yananyweka, wapi kuna simba, wapi kuna wezi, na yeye mwenyewe hajavuka hata Tunduru. Mimi njia zile za pwani nimezikanyaga mara ishirini na mbili. Haya, mara tisa. Nataka leo niandike tisa pale palipo tisa. Ndiyo maana barua hii inanitoa jasho kuliko mzigo wowote niliopata kubeba.

Naandika mchana huu nyuma ya ghala ili mtu asije akaniuliza naandika nini. Mwandiko wangu unaujua. Nimekuwa nikikwambia kwamba shule ya Kilwa niliiacha baada ya miezi saba kwa sababu mwalimu aliishiwa na mambo ya kunifundisha. Nilifukuzwa. Nilimwambia mwalimu kwamba babu yangu alipata kuwabeba Wazungu wawili kwa pamoja kuvuka Ruvuma, mmoja bega hili na mmoja bega lile, na alipocheka nikampiga ngumi.

Sasa nakuja kwenye lile lililoniketisha hapa. Ni kile kitone ulichonitonea mkononi juzi.

Unakumbuka ulivyokuja kutoka misheni na lile sanduku alilokupa fundi wako wa useremala, la yule Mzungu wa Lindi atakayekuajiri. Ulilifungua pale uani, ndani mahameli ya buluu kama kitanda cha sultani, na vyombo vimelala kila kimoja ndani ya shimo lake: bikari mbili, rula ya shaba, timazi, na ile pimamaji ya kujulisha kama ubao umelala sawa. Watu walijaa. Ukaanza kuwaeleza kwamba vitu hivi vinatengenezwa Ulaya, vinapanda meli, vinashuka Lindi, na wapimaji wa mashamba wanavigombania, na kwamba kazi yako itakuwa kuviuza na kuvitengeneza vinapoharibika. Mimi nikadakia, unanijua.

"Hiyo pimamaji msinieleze mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwibia Mzungu yake chini ya mto wake, amelala, masharubu yananigusa mkono!"

Watu wakacheka, na wewe ukacheka, ukawaambia, "Si mnaona? Kazi hii nimeipenda kwa ajili ya hadithi za mjomba." Halafu ukanigeukia. "Lakini Mjomba, unajua ndani yake si maji?"

"Si maji ni nini?"

"Spiriti. Maji ni mazito, kiputo hakikimbii vizuri. Lete mkono."

Ukachukua kichupa ulichopewa cha kujazia, ukanitonea kitone kimoja hapa penye mshipa. Kaspari, ile baridi! Nilivuta mkono kama aliyeumwa na nge, nikakaa chini. Watu wakaangua kicheko. Na wewe kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto, ukasema, "Usiogope, Mjomba, inaruka hewani tu. Inaporuka ndipo unasikia baridi. Tazama, imekwisha."

Nikatazama. Kweli, imekwisha. Mkono mkavu.

Niliwaambia nimesikia kizunguzungu cha njaa. Haikuwa njaa. Ilikuwa miaka hii yote imenidondokea mkononi kwa mara moja, na tangu juzi sijapata akili yangu sawasawa. Naanza jambo naliacha. Jana nimemsalimu mbuzi.

Nikueleze tangu mwanzo, polepole, maana nikienda mbio nitaanza kupamba.

Kabla ya vita vya maji nilikuwa mnyapara wa wapagazi. Hili ni kweli, uliza mtu yeyote. Vyombo vya kupimia vya boma vilishuka melini Kilwa, vikakaa katika duka la Mhindi mmoja, na safari yangu ndiyo ilivileta huku Songea. Wapagazi waligombea masanduku yale kwa sababu ni mepesi, na waliyaogopa kwa sababu ukilidondosha moja, kiboko. Miguu mitatu ya darubini ya kupimia tuliizungushia kitambaa cha amerikani kama maiti. Katika mambo hayo mimi nilikuwa na jicho, na hapa sijisifu, au najisifu kidogo. Bikari nilikuwa nikiitambua kwa kuifungua tu: ile nzuri miguu yake inakaa pale ulipoiacha, ile mbaya inalegea yenyewe kama mlevi. Yule Mhindi alikuwa nazo za namna zote mbili, za Ulaya na nyingine kutoka Bombay, na alikuwa akiniita nimchagulie. Alikuwa akiniita mara moja moja. Aliniita mara moja.

Basi siku moja mpimaji wa boma alifungua mzigo akakuta pimamaji moja ubao wake umepasuka. Alitukana kwa lugha yao, akaitupa jalalani nyuma ya jiko. Jioni yake niliiokota. Ndivyo nilivyoipata, mwanangu. Hakuna mto, hakuna masharubu. Kulikuwa na maganda ya mayai.

Ule ubao niliutia motoni, nikabaki na kichupa chenyewe, urefu wa kidole, kimezibwa huku na huku, maji yake yana rangi ya majani mabichi kidogo na kiputo ndani. Unajua kiputo kile kinavyofanya. Ukiinua huku kinakimbilia huku. Hakitulii. Nilipowaonyesha watu wa hapa, wazee wazima walirudi nyuma. Mmoja akauliza, "Hilo jicho linatazama nini?" Mimi mwenyewe nilikuwa sijafikiria habari ya jicho. Lakini mtu akikupa neno zuri namna hiyo utaliacha lianguke chini? Nikasema, "Linatazama risasi. Mzungu halali bila kitu hiki. Risasi ikija linaiona kabla haijatoka." Nikawaambia na habari ya mto na masharubu. Nililetewa kuku. Nililetewa pombe. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyenipita njiani bila kusimama.

Baba yako peke yake hakuwahi kusimama. Hukumjua vizuri, ulikuwa mdogo. Alikuwa mtu wa maneno machache na mdomo wenye makali. Tulikuwa tukitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, lakini utani wake ulikuwa na mfupa ndani. Akinikuta nimezungukwa na watu atauliza kwa sauti, "Bwana Simba, leo umeua wangapi?" Nikisema watatu, anasema, "Jana walikuwa watano. Unazeeka." Nilimwonyesha kichupa mara moja. Alikigeuza huku na huku, akanirudishia, akasema, "Kizuri. Mpe mwanao achezee." Nami sikuwa na mwana, alijua.

Halafu ukaja ule wakati. Wajumbe wa dawa walipita na maji yao yaliyochanganywa na mtama, watu wakanyunyiziwa, wakapewa miiko: usilale na mke, usitazame nyuma, usiokote kitu cha mtu. Baba yako alinyunyiziwa kama wengine, lakini aliniambia pembeni, "Mtama naupenda zaidi ukiwa ugali." Wewe ulikuwa umekwisha kupelekwa Umatengo kwa bibi yako, milimani. Na baba yako na mama yako walikuwa karibu kukufuata. Hilo hujaambiwa. Mimi nimekuwa nikikwambia baba yako alikuwa wa kwanza kushika mkuki. Haikuwa hivyo. Mzigo wao ulikuwa umefungwa.

Asubuhi ile watu walipokuwa wanajikusanya kuliendea boma, alikuja kwangu. Alinikuta na watu watano, wote wale wale wa kunisikiliza. Alisimama mlangoni.

"Shemeji. Kile kichupa."

"Leo unakitaka?" Nikacheka. "Si uliniambia nimpe mtoto?"

"Usinichezee leo." Sikuwa nimepata kumwona na uso ule. "Wameniita mwoga mbele ya wadogo zangu. Mimi sitaki kufa kwa ajili ya maji ya mtama. Lakini wewe umekaa nao Wazungu, umelala kambini mwao. Niambie kitu kimoja, halafu nakwenda zangu, huku au kule. Kweli wanajikinga nacho?"

Kaspari, hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Neno lilikuwa fupi. "Sivyo." Au hata, "Nilikiokota jalalani." Angecheka, angenitania mpaka leo hii, angechukua mkewe akapanda mlima. Nililiona neno lile mdomoni mwangu. Lakini wale watano walikuwa wamegeuza nyuso zote kunitazama, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyeniletea jogoo mwekundu. Nikasema, "Nimeona kwa macho yangu mawili."

Akasema, "Lete."

Nilimpa. Nilidhani atakifunga shingoni. Yeye alikiweka juu ya jiwe la kunolea, akakivunja kwa ncha ya kisu, akamimina kiganjani. Matone tu, hata kijiko hayajazi. Akajipaka kifuani na kwenye paji la uso. Na palepale nikamwona anashtuka, macho yametoka, mkono umebaki kifuani.

"Baridi!" akasema. "Jamani, inaingia! Naisikia inaingia mwilini!"

Wale watano wakapiga kelele kama waliomwona mfu anaamka. Mmoja alimgusa kifua akakuta pakavu, hakuna hata unyevu, akasema, "Imenywewa yote!" Na mimi nilishtuka kuliko wote. Mimi ndiye niliyeitunga! Nilikuwa najua habari nzima ilikotoka, nikakuta ina nguvu ambayo sikuitia. Baba yako akanishika bega, mara ya kwanza na ya mwisho, akasema, "Nisamehe, shemeji. Nilikuwa nakudharau." Akatoka.

Sikumzuia. Nimekwambia kwamba nilikuwa naye mstari wa mbele, na kwamba nilimbeba mgongoni. Nilibaki. Nilijilaza ndani ya shamba la mtama, nikasikia ile bunduki yao inayotema risasi mfululizo, na kila ilipotema nilihesabu vidole vyangu ili nipate jambo la kufanya. Walimleta wengine, adhuhuri, juu ya mlango uliong'olewa. Alikuwa amepigwa kifuani, hapa, pale pale alipopaka.

Sasa nisikilize vizuri, maana bado hujafika mahali pabaya.

Kwenye matanga watu waliulizana imekuwaje, mtu mwenye dawa ya Mzungu yenyewe, iliyoingia mwilini mbele ya mashahidi. Walinitazama mimi. Nami nikasema, kwa sauti ya masikitiko, "Labda alivunja mwiko. Labda alilala na mkewe." Nilisema hivyo, na mama yako yuko ndani analia, ukuta mmoja tu katikati. Na watu wakaridhika. Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ulikuwa ukiniuliza kwa nini wanawake wa mtoni hawampishi mama yako kuchota maji? Nilikwambia wanamwonea wivu kwa urembo. Ni neno langu lile walilokuwa wakimpiga nalo, na hata njaa ilipokuja ikaua nusu yao, waliobaki hawakulisahau.

Kibaya zaidi, na mimi nililiamini. Ndiyo. Mtu akisema jambo mara nyingi masikio yake mwenyewe yanaanza kumheshimu. Kila nilipokosa usingizi nilijiambia: lakini ile baridi? Sote tuliiona. Kitu kiliingia mwilini mwake, basi ilikuwa dawa, basi sikumdanganya sana, basi alikosea masharti. Ile baridi ndiyo iliyokuwa mto wangu wa kulalia. Mpaka juzi, mwanangu mwenyewe niliyemlea akaniambia kwa upole kwamba inaruka hewani tu, na nikatazama mkono wangu nikakuta mkavu.

Kilichonishinda ni hiki. Maisha yangu yote nilidhani watu wanajua. Nikisema simba watatu, nilidhani kila mtu anatoa watatu kichwani mwake, tunacheka, tunakunywa, tunaachana. Sikujua kwamba katikati ya wanaocheka anaweza kusimama mmoja ambaye siku hiyo hacheki, ambaye amekuja na maisha yake mkononi, na uso wake haukwambii kwamba leo si kama jana. Na yule ndiye niliyedhani angekuwa wa mwisho kabisa kuniamini.

Ndiyo maana kazi hii yako inanitia hofu, ingawa ni kazi nzuri na nitajisifu nayo. Huko Lindi watakuja watu wa bara dukani kwenu. Mtu atashika dira, ataona sindano inacheza yenyewe, atakuuliza, "Kuna nini humu?" Na macho yake yatakuomba, Kaspari, yatakuomba umpe jambo kubwa. Wewe una ulimi, umeurithi upande wetu. Mwambie ni sindano. Atasikitika, na wewe utajiona mdogo kidogo, halafu ataondoka salama. Sikwambii uwe kama mapadri. Simba kwenye pombe, waue tu. Lakini mtu akikuuliza huku amesimama mlangoni, jibu kile alichouliza.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mama yako kumwambia kabla sijakwambia wewe. Nilimkuta anapepeta maharage yako ya njiani. Nikasema, "Dada, kile kichupa nilikiokota jalalani." Nilidhani atatupa ungo.

"Najua," akasema, na ungo hausimami.

"Unajua nini?"

"Mke wa mpishi wa boma aliniambia alikuona ukichakura. Mwaka ule ule."

"Na asubuhi ile?"

"Nilikuwa nyuma ya ukuta wako, mzigo uko kichwani. Nilikuwa namsubiri atoke tuondoke." Akaondoa kokoto, akaitupa. "Nilisikia yote. Nilijisemea moyoni, hawezi kumwamini huyu, hajawahi kumwamini hata siku moja. Sikuingia. Nilikuwa na haya, kuingilia maneno ya wanaume." Hapo ndipo ungo uliposimama. "Umekuwa ukidhani ni wewe peke yako usiyelala?"

Nikauliza, "Na yale ya matangani?"

"Hayo," akasema, "hayo sijakusamehe, na usiniombe leo, nina kazi."

Nilimwambia nitakueleza wewe kwa mdomo jioni. Akakataa. "Mwandikie. Ukisema kwa mdomo utamtia simba humo ndani." Nikasema basi nitaificha barua katika mzigo uisome ukifika Tunduru. Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Asome akiwa hapa," akasema, "akiwa bado anaweza kukushika shati."

Basi nitakukabidhi jua likishuka, halafu nitakwenda kwangu, na sitakuja kukuuliza umesoma umefika wapi.

Kesho, desturi yetu unaijua, hata mapadri wamechoka kuikataza: mjomba ndiye anayemwaga unga kizingitini na kuwataja wazee waliotangulia kabla msafiri hajavuka. Nitakuja alfajiri na unga wangu, nitasimama mbele ya mlango wa mama yako. Ukitaka niumwage, toka kwa mlango huo. Usipotaka, toka kwa mlango wa jikoni, wapagazi watakuwa wanasubiri upande ule hata hivyo. Nitangoja mpaka jua lipande. Na ukitokea jikoni, watu wakiniuliza mchana jinsi nilivyomwaga unga na jinsi ulivyolia ukiniaga, nitawaambia sikuumwaga.

Mimi mjomba wako.